Je, Chiefs wanabebwa na waamuzi? Jibu kwa shabiki wa Bills

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni Mkongomani, naishi Buffalo, New York, na hapa mtu hukosi kuwa shabiki wa Bills. Januari 2025 tulitolewa na Kansas City Chiefs 32–29 kwenye fainali ya AFC, nusu moja ya ligi ya mpira wa Kimarekani (NFL). Kotabeki wetu Josh Allen, yaani yule anayeongoza mashambulizi na kurusha mpira, alijipenyeza kwenye jaribio la nne, sisi wote tukaona amevuka, waamuzi wakasema hajavuka. Kila mwaka ni hao hao Chiefs. Je, NFL inawabeba? Na shabiki wa kawaida atajuaje kama ni upendeleo au ni makosa tu? Nimechoka kubishana bila ushahidi.

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Tuanze na jaribio lile lenyewe, kwa sababu limebeba karibu yote unayouliza.

Robo ya nne ilikuwa ndiyo kwanza imeanza. Bills walikuwa mbele 22–21, mpira uko kwenye yadi ya 41 upande wa Chiefs, jaribio la nne, imebaki chini ya yadi moja. (Timu hupewa majaribio manne ya kusogeza mpira yadi 10; ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani.) Allen alipokea mpira na kujisukuma kwenye rundo la watu. Katika jaribio la namna hiyo kazi iko kwa waamuzi wawili wanaosimama kwenye mstari wa kuanzia, mmoja kila upande wa uwanja. Wanakimbia kuingia ndani, na kila mmoja anaweka mguu pale anapoamini mpira ulifika kabla mbebaji hajasimamishwa. Safari ile miguu yao haikulingana: mmoja alimpa Allen zaidi, mwenzake akampa pungufu. Ikachukuliwa ile pungufu.

Sasa pima alichoombwa mtu yule akione. Uwanja una upana wa karibu mita 49, kwa hiyo kutoka pembeni hadi katikati ni mita 24 hivi. Mpira wenyewe una urefu wa sentimita 28 tu. Umekumbatiwa kifuani na mtu aliyefunikwa na wanaume wengine, baadhi yao wana zaidi ya kilo 140, na mwamuzi anatakiwa aseme ncha ya mpira ilikuwa wapi sekunde ile mwendo ulipokoma. Video ikapitiwa, uamuzi ukabaki. Mtaalamu wa kanuni wa runinga iliyokuwa inaonyesha mechi, Gene Steratore, ambaye mwenyewe alikuwa mwamuzi wa NFL, alisema anaamini Allen alifika. Nami naona alifika. Ila uamuzi "kubaki" baada ya video hakumaanishi kwamba ulikuwa sahihi. Kunamaanisha kwamba hakuna picha iliyoonyesha wazi na dhahiri kwamba ulikuwa na kosa, na mpira uliozikwa chini ya watu hauonyeshwi na kamera yoyote. Aliyeamua uwanjani, hata kwa kubahatisha, ndiye anayebaki na neno la mwisho.

Watu wengi walidhani teknolojia imelimaliza jambo hili. Msimu wa 2025 NFL ilianza kutumia kamera za Hawk-Eye kupima kama timu imefikisha yadi 10, na ule mnyororo wa kupimia ukawa wa akiba. Soma vizuri hapo: kamera zinapima umbali kutoka pale mpira ulipowekwa. Mpira bado unawekwa na binadamu kwa mguu wake. Kwa hiyo kipimo cha sentimita kinafuata makisio ya jicho. Ndani ya mpira kuna kifaa cha kutoa mawimbi tangu 2017, lakini nacho hakijui goti au kiwiko cha mchezaji kiligusa ardhi saa ngapi, na bila kujua hilo, mahali mpira ulipo hapakusaidii kitu. Jaribio lile lingechezwa leo, lingeweza kuamuliwa vile vile.

Kabla hujasema "ndiyo maana wanabebwa", rudi nyuma hadi tarehe 10 Desemba 2023, uwanja ule ule wa Kansas City, timu zile zile. Ikiwa imebaki dakika moja na sekunde chache, Travis Kelce wa Chiefs alidaka mpira, akamrushia mwenzake Kadarius Toney pembeni, Toney akakimbia hadi mwisho. Kitambaa cha njano, ishara ya mwamuzi kwamba kuna kosa, kilikuwa kimeshatupwa: Toney alikuwa ameotea, mguu wake umepita mstari kabla mpira haujaanza. Pointi zikafutwa, Bills wakashinda 20–17. Kotabeki wa Chiefs, Patrick Mahomes, alifoka hadharani, na kocha Andy Reid akalalamika kwamba kwa kawaida mchezaji huonywa kwanza. Kwa mujibu wa kanuni onyo si haki ya mchezaji, na picha ya kamera ya mstarini haikuacha shaka. Siku ile mashabiki wa Kansas City ndio waliolia kuonewa, kwa maneno yale yale unayoyatumia wewe leo.

Sikuambii haya ili nikunyamazishe. Nataka uone kwamba matukio haya mawili ni ya aina mbili tofauti, na ubishi mwingi wa mashabiki unaharibika kwa sababu yanachanganywa. Ukiona uamuzi uliokuudhi, jiulize kwanza: hapa kilichobishaniwa ni kanuni, ni jicho, au ni kipimo?

Kwenye kanuni, mwamuzi anaweza kuwa sahihi na bado kila mtu akaona dhuluma. Mfano mkubwa ni Januari 19, 2002, Raiders na Patriots kwenye theluji ya Foxborough. Charles Woodson wa Raiders alimgonga Tom Brady, kotabeki wa Patriots, mpira ukatoka, Raiders wakauokota, mechi ikaonekana imekwisha. Refa mkuu Walt Coleman alitazama video na kubadilisha: kwa kanuni iliyowekwa 1999, mkono wa kotabeki ulioanza kwenda mbele ulihesabika kuwa bado unarusha, hata kama alikuwa anaurudisha mpira mwilini. Patriots wakashinda 16–13 katika muda wa ziada. Kanuni ilikuwa mbovu, na Coleman aliitekeleza ilivyoandikwa. Ilifutwa 2013.

Kwenye jicho, kosa ni kosa tu. Januari 20, 2019, New Orleans, fainali ya NFC (nusu nyingine ya ligi), Saints na Rams wako 20–20, dakika hazifiki mbili. Nickell Robey-Coleman wa Rams alimvamia Tommylee Lewis wa Saints kabla mpira haujafika, akampiga hata kofia kwa kofia, na hakuna kitambaa kilichotupwa. Hakuna mtaalamu wa maana aliyeutetea uamuzi ule. Kocha Sean Payton alisema ofisi ya ligi ilimkubalia kwamba ni kosa, na baadaye mchezaji akatozwa faini ya dola 26,739. Rams walishinda 26–23 katika muda wa ziada. Na kwa kanuni za msimu ule kocha hakuwa na ruhusa ya kuomba video kwa kosa la aina hiyo, kwa hiyo watu milioni nyingi waliona, na waliokuwa na mamlaka hawakuwa na njia ya kurekebisha.

Kipimo ndicho kigumu, na kama kuna upendeleo wa kweli basi ndiko unakoweza kujificha. Kushika ni kosa linalotokea kwa namna fulani karibu kila jaribio. Kanuni haikatazi kila mguso. Inakataza kumzuia mtu kiasi cha kumwondolea nafasi ya kucheza. Kiasi hicho kiko kichwani mwa mwamuzi. Kwenye Super Bowl, fainali ya NFL, ya Februari 12, 2023, Chiefs na Eagles wakiwa 35–35 na dakika mbili hazijatimia, James Bradberry wa Eagles aliadhibiwa kwa kumshika JuJu Smith-Schuster wa Chiefs. Chiefs wakamaliza muda, wakapiga mpira wa pointi tatu, 38–35. Bradberry mwenyewe alikiri kwamba aliivuta jezi. Hivyo huwezi kusema faulo ilibuniwa. Unachoweza kuuliza, na ni swali halali kabisa, ni kama mivuto ya namna ile iliachwa mapema katika mechi ile. Shabiki mwenye hoja hasemi "ile haikuwa faulo". Anasema "kipimo kimebadilika", kisha analeta majaribio mengine mawili au matatu ya mechi hiyo hiyo, na dakika zake.

Namna ya kuyapata majaribio hayo ni hii. Usitazame marudio ya runinga peke yake. Kamera ya runinga inafuata mpira, na faulo nyingi za kushika ziko mbali nao. Tafuta ile picha ya makocha inayoonyesha wachezaji wote 22 kutoka juu. Ligi huiuza kwenye huduma yake ya kulipia. Tazama kwanza kwa mwendo wa kawaida, angalau mara mbili, kwa sababu jaribio zima huchukua sekunde chache na mwamuzi alipata nafasi moja. Mwendo wa pole uuache mwisho, na uutumie kwa maswali ya "wapi" tu: mguu uko ndani au nje, goti liligusa kabla au baada. Ukiutumia kwa maswali ya "kwa nguvu gani" utajidanganya. Mguso wa robo sekunde ukinyooshwa hadi sekunde tatu, kila beki anaonekana mkorofi.

Kisha tafuta nani alitakiwa kuona. Uwanjani wako waamuzi saba, na kila mmoja ana watu wake wa kutazama kabla mpira haujaanza. Refa mkuu, yule wa kofia nyeupe, anasimama nyuma ya kotabeki na macho yake yako kwake. Ukimlaumu kwa kutoona mpokeaji aliyevutwa yadi 30 mbele, umemlaumu asiyehusika. Wale wa pembeni na wa nyuma ndio wenye kesi hiyo. Hili lina faida nyingine: ukijua nani alitakiwa kuona, unaona pia kama alizibwa na mwili wa mtu.

Baada ya jaribio moja moja, hesabu. Hapa ndipo hoja nyingi za "Chiefs wanabebwa" zinapojengwa, na ndipo nyingi zinapobomoka. Chukua ripoti rasmi ya mechi ambayo ligi hutoa. Ina kila adhabu na majina ya waamuzi. Tovuti ya Pro Football Reference nayo inaorodhesha waamuzi wa kila mechi. Usijumlishe adhabu zote pamoja. Ondoa kwanza zile ambazo haziamuliwi kwa hisia za mtu: kuanza kabla ya wakati, kuotea, kuchelewesha, wachezaji kuzidi. Mlinzi wa mbele akitikisika kabla ya mpira, uwanja mzima unamwona. Bakiza za kipimo: kushika, kumzuia mpokeaji, kumgonga kotabeki vibaya.

Halafu zipe uzito. Adhabu kumi si sawa na adhabu kumi. Mshambuliaji akishika, timu inarudi yadi 10 na inajaribu tena. Beki akishika ni yadi 5 tu, lakini washambuliaji wanapewa majaribio manne mapya, hata kama walikuwa wamekwama kwenye jaribio la tatu na yadi 15. Beki akimzuia mpokeaji, mpira unawekwa pale kosa lilipotokea, na hapo kitambaa kimoja kinaweza kuwa yadi 40. Kwa hiyo andika safu tatu: yadi zilizobadilika, kama kulitolewa majaribio mapya, na matokeo yalikuwaje wakati huo. Kitambaa kwenye jaribio la tatu robo ya nne, tofauti ya pointi tatu, ndicho unachokitafuta.

Sasa bahati. Timu moja hupigwa karibu adhabu sita kwa mechi, na msimu wa kawaida una mechi 17, jumla ni kama 100. Rusha sarafu mara 100: kupata vichwa 42 au 58 ni jambo la kawaida, hakuna aliyeichezea. Kwenye mechi tatu za mtoano wapinzani wa timu moja wanaweza kuwa na adhabu 20 hivi, na sarafu ikirushwa mara 20 inaweza kukupa 6 au 14 bila hila. Ndiyo maana takwimu ya msimu mmoja wa mtoano haithibitishi lolote, iwe inawakandamiza Chiefs au inawatetea. Ongeza na hili: ligi ina timu 32, na lazima moja itakuwa juu ya orodha ya waliopata vitambaa vingi vya faida. Ukiichagua baada ya kuona orodha, umechora duara kwenye ukuta baada ya mshale kutua. Chagua timu na kipimo kwanza, kisha hesabu misimu mitano inayofuata.

Linganisha pia kwa haki. Timu yenye kotabeki anayerusha sana na anayekaa na mpira kwa sekunde nyingi lazima ivune faulo nyingi za mabeki, kwa sababu beki anayefukuza mpokeaji kwa sekunde sita huishia kuvuta jezi. Hiyo ndiyo tabia ya Mahomes, na ni tabia ya Allen pia. Vilevile anayefukuzia matokeo mwishoni hurusha zaidi, na kurusha ndiko kunakozaa vitambaa. Jambo moja zaidi ambalo mashabiki hawalitazami: kikosi cha waamuzi. Wakati wa msimu wanafanya kazi kama kundi moja, na makundi hayafanani. Wengine wakali kwa kushika, wengine wanaacha. Wanaopangiwa mechi hutangazwa ndani ya wiki, na timu hujiandaa kwao kama zinavyojiandaa kwa mpinzani. Kwenye mtoano makundi huvunjwa na waliopata alama nzuri huchanganywa. Kwa hiyo watu ambao hawajazoeana wanapewa mechi kubwa zaidi ya mwaka, na mimi naona huo ni udhaifu wa mpango wenyewe.

Je, kuna upendeleo wowote uliothibitishwa katika michezo? Upo, na si ule watu wanaoufikiria. Utafiti wa ligi ya Hispania uliochapishwa 2005 ulionyesha kwamba marefa waliongeza dakika nyingi zaidi mwishoni pale timu ya nyumbani ilipokuwa nyuma kwa bao moja, na chache ilipokuwa inaongoza. Hakuna aliyewahonga, kelele za watu elfu nyingi ziliwafanyia kazi. Katika NFL, msimu wa 2020 ulichezwa bila mashabiki au na wachache sana, na timu za nyumbani zikashinda 127, zikapoteza 128, sare moja. Sehemu ya hilo ni wachezaji kusikilizana vizuri ugenini, lakini kama unatafuta mkono usioonekana kwenye kipimo cha mwamuzi, anzia kwenye kelele za Kansas City kabla ya kwenda ofisi za ligi New York. Na kumbuka Buffalo nao wana kelele zao.

Rushwa ya kweli tumeiona jirani. Mwaka 2007 mwamuzi wa mpira wa kikapu wa NBA, Tim Donaghy, alikiri kosa mahakamani katika kesi ya kamari, na mwaka uliofuata akahukumiwa miezi 15. Aligunduliwa na FBI waliokuwa wakifuatilia fedha na simu za wacheza kamari. Mashabiki wanaohesabu faulo hawakuwa na njia ya kumkamata. Kwa waamuzi wa NFL hakuna kesi kama hiyo iliyothibitishwa. Kamishna Roger Goodell aliliita jambo hili la Chiefs nadharia ya kipuuzi Februari 2025, na chama cha waamuzi kikasema ni matusi. Hapo naona ligi inakosea. Tangu Mahakama Kuu ya Marekani ilipofungua mlango wa kamari za michezo Mei 2018, NFL imechukua kampuni za kamari kuwa washirika wake. Anayevuna fedha huko hawezi kukasirika akiulizwa maswali. Alama ambazo kila mwamuzi hupewa kwa kila jaribio ni siri. Waamuzi wengi wana kazi nyingine katikati ya wiki. Baada ya mechi, mwandishi mmoja tu ndiye anayeruhusiwa kumuuliza refa maswali machache kwa niaba ya wote. Makocha wanaolaumu waamuzi hadharani hutozwa faini. Shaka inakua mahali penye giza, na giza hili limewekwa na ligi yenyewe.

Kuhusu la kufanya, usiende mahakamani. Mashabiki wa Saints walijaribu, na Mahakama Kuu ya Louisiana ikaitupa kesi. Kanuni ya 17 ya NFL inampa kamishna nguvu ya kubadilisha matokeo kwa matukio ya dhuluma isiyo ya kawaida, lakini maandishi yake yanasema wazi kwamba makosa ya kawaida ya waamuzi hayamo. Matokeo hayarudi. Kinachobadilika ni kanuni, na hubadilika kwa kura za wamiliki: zinahitajika 24 kati ya 32. Na kosa kubwa limeleta mabadiliko mara nyingi kuliko watu wanavyokumbuka. Septemba 2012, waamuzi wa muda walipowapa Seahawks ushindi wa 14–12 dhidi ya Packers kwa mpira ambao wawili wao waliutolea ishara tofauti, hatua ya ligi ya kuwafungia nje waamuzi wa kudumu iliisha siku mbili baadaye. Kosa la New Orleans lilileta, kwa kura 31 kwa 1, ruhusa ya kupitia video kwa kumzuia mpokeaji. Ruhusa hiyo ilidumu msimu wa 2019 pekee, kwa sababu hakuna aliyejua kipimo cha "wazi na dhahiri" kwenye kosa la kipimo, na makocha wakaacha kuelewa lini uamuzi ungebadilishwa.

Kwa hiyo ukiandikia klabu yako, usiandike "tumeibiwa". Klabu ndiyo yenye haki ya kupeleka pendekezo, na pendekezo linahitaji kitu kimoja kinachotekelezeka. Kwa jaribio la Allen mimi ningeomba mawili: kamera zisizohamishika kwenye mistari ya majaribio mafupi, na mwamuzi aliye kwenye chumba cha video kuruhusiwa kusaidia kuweka mpira bila masharti ya ushahidi mzito pale ambapo waamuzi wawili wa uwanjani wameweka miguu mahali tofauti. Kama wao wenyewe hawakukubaliana, hakuna uamuzi wa kulindwa. Fuatilia pia ubishi wa kumsukuma kotabeki kwa nyuma, kwa kuwa rundo lile ndilo linaloficha mpira. Mei 2025 pendekezo la kulipiga marufuku lilipata kura 22.